Mama ameacha vidonge vya presha, asema karkade yamtosha

MwanaWaKuze · Jumatano, saa 4:10 usiku

Asalaam aleikum wanajukwaa. Niko barazani, mama keshalala, na kidaftari chake cha presha ninacho mkononi. Naomba akili zenu kabla hakujakucha.

Mama ana miaka 64, na presha ameishi nayo tangu 2015. Dawa yake ni amlodipini, kidonge kimoja cha miligramu 5 kila asubuhi, na wala hajawahi kusumbua kukimeza. Mwezi jana khalati alirudi kutoka Kairo, alikokwenda kumtazama mwanawe anayesoma Al-Azhar, akaja na mfuko mzima wa karkade, yale maua makavu ya rangi ya damu ya mzee. Toka siku hiyo birika letu halijui tena majani ya chai. Asubuhi karkade, baada ya alasiri karkade, akirudi msikitini tarawehe hazipo lakini karkade ipo.

Jumapili ndiyo mara ya mwisho kumeza kidonge. Leo asubuhi nimempima: 134 kwa 83. Akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. "Si n'likwambia? Miaka yote hii nalishwa vidonge bure." Nikakosa la kujibu, maana hata akiwa kwenye dawa alikuwa akicheza kati ya 130 na 138.

Kuna muuzaji mmoja sokoni naye amemwaga petroli: ati maua haya yasafisha mishipa, na mtu akiyazoea hospitali aisikia kwa jina tu.

Nimesoma kijuujuu habari za flavonoidi, zile kemikali za mimea zinazosemwa zimo kwenye karkade. Ni kitu cha kweli au ni maneno ya kuuzia bidhaa? Na huyu mama nimwache au nipigane naye?

kahawa_tungu · saa 4:25 usiku

Mie hapa Mwembe Tayari, Mombasa, nina dele langu la kahawa na tangawizi, presha yangu yapandishwa na wateja wa mkopo tu.

Lakini yakhe, usicheze. Marehemu babangu aliacha vidonge kwa ajili ya kitunguu thaumu. Punje tatu kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu, akatuhubiria mtaa mzima. Siku moja akaamka mdomo umekwenda upande. Aliishi miaka minne baada ya hapo, mkono wa kulia haufanyi kazi, twamlisha. Sisemi kitunguu kilimdhuru. Nasema vidonge vilikuwa kwenye mtoto wa meza, vumbi limevipanda.

Dada_wa_Zamu · saa 5:02 usiku

Kakangu MwanaWaKuze, mimi ni muuguzi, ndiyo kwanza nimetoka zamu, nimepanda matatu na simu ina asilimia 9. Nitasema moja kubwa.

Amlodipini ni dawa inayokaa. Mwili huchukua saa 30 hadi 50 kuitoa nusu yake tu. Mama alimeza Jumapili asubuhi, wewe umempima Jumatano asubuhi, hizo ni saa 72. Bado ana kama robo ya dawa mwilini, pengine theluthi. Na presha yenyewe hairudi juu siku dawa inapokwisha, hupanda polepole kama maji ya bahari yanavyojaa, waona mchanga bado mkavu ukidhani una wakati. Kwa hiyo hiyo 134 usiipe karkade peke yake. Kidonge bado kimo kazini, kimeachishwa tu kwa mdomo.

La pili: ulimpimaje?

MwanaWaKuze · saa 5:06 usiku

Alikuwa ametoka jikoni, nikamkalisha kitini, mkono juu ya paja. Alikuwa akiongea na jirani dirishani. Mara moja tu.

Dada_wa_Zamu · saa 5:09 usiku

🤦🏾‍♀️ Haya. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini asipande mguu juu ya mguu. Asiwe amekunywa chai wala kahawa nusu saa kabla. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Kitambaa cha mashine kifungwe juu ya ngozi, si juu ya mkono wa dera. Pima mara mbili, dakika moja katikati, andika zote. Kwa haki nikwambie: mkono ukiwa chini na mdomo ukienda, namba hupanda, kwa hiyo ya kweli huenda ilikuwa ndogo kuliko 134. Sitaki kukudanganya ili nishinde hoja. Lakini rudia kipimo siku ya kumi na siku ya kumi na mbili ndipo tuzungumze. Na kama atakubali kukimeza kesho asubuhi, ni bora zaidi kuliko huu mtihani wote. Akiumwa kichwa kikali, macho yakaona ukungu, kifua kikabana au upande mmoja ukalegea, usiandike hapa, mpeleke.

Simu yazima.

mkemia_mstaafu · Alhamisi, saa 1:40 asubuhi

Nimefundisha kemia sekondari miaka 31, sasa nafuga kuku Tudor na kusoma. Kijana ameuliza kama flavonoidi ni kitu cha kweli. Ni cha kweli, ila waganga na wauza mifuko wameuzidisha ukubwa.

Flavonoidi si kitu kimoja, ni ukoo, na wanaojulikana ni maelfu. Mmea hauutengenezi kwa ajili ya presha ya mama wa Kuze. Wajikinga nao na jua na wadudu, na kuvutia nyuki kwa rangi. Karkade wekundu wake ni tawi linaloitwa anthosianini. Majani ya chai yana katekini. Kitunguu chekundu kina kwasetini, nyingi iko kwenye yale maganda ya nje ambayo dada zetu huyatupa. Machungwa na ndimu zina hesperidini. Kahawa ya bwana wa dele hapo juu ina mambo yake mengine, lakini si mahali pa kutafutia flavonoidi, aniwie radhi.

Mkitaka kuiona kwa macho, tieni karkade kwenye gilasi, mdondoshee chembe za bikaboneti ya soda. Wekundu utageuka zambarau kisha samawati kama wino. Kamulia ndimu, utarudi. Wanafunzi wangu walikuwa wakipiga makofi.

Kwa mara ya kwanza dunia ilizichangamkia mwaka 1936, Mhungaria Albert Szent-Györgyi alipozikuta kwenye malimau na pilipili nyekundu akaziita vitamini P. Mwaka uliofuata akapewa Nobeli, kwa kazi nyingine zikiwemo za vitamini C. Hiyo P ilikuja kufutwa, maana mtu akikosa flavonoidi hapati ugonjwa wake maalumu kama anavyopata kiseyeye akikosa C. Zikasahaulika. Mwaka 1993 Waholanzi wa mji wa Zutphen wakatoa hesabu ya wazee wa kiume 805, wa miaka 65 hadi 84, waliofuatwa kwa miaka mitano. Waliokula flavonoidi nyingi zaidi, vifo vyao vya moyo vilikuwa chini ya nusu ya wale waliokula kidogo. Na wazipata wapi? Asilimia 61 kwenye chai. Zilizobaki nyingi ni vitunguu na matofaa. Yaani chai na kachumbari.

Sasa tulia. Utafiti wa kuwatazama watu wakiishi hauwezi kukuambia ni chai iliyowalinda au ni kwamba mnywaji chai ana utulivu wake, havuti sana, hanywi pombe sana. Ndiyo maana napenda ule wa karkade wa 2010, wa Chuo Kikuu cha Tufts kule Marekani. Walichukua watu 65 ambao presha imeanza kupanda na hawatumii dawa. Nusu wakapewa karkade vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe mililita 240, kwa wiki sita. Nusu nyingine wakapewa kinywaji cha kufanana, hakina kitu. Namba ya juu ilishuka 7.2 kwa wa karkade, na 1.3 kwa wenzao. Namba ya chini, tofauti haikutosha kusemwa.

Yafanyaje? Zamani tulifundisha kwamba zinazima "kutu" ya mwili. Hiyo ni nzuri ndani ya chupa ya maabara. Mtu akinywa, kinachofika kwenye damu ni kidogo mno, na kingi kimeshatafunwa na vijidudu vya utumbo kikawa kitu kingine. Linaloaminika zaidi leo ni kwamba mabaki hayo huusukuma utando wa ndani wa mshipa utoe naitriki oksaidi, hewa inayouambia mshipa ulegee. Mshipa ukilegea, moyo hausukumi kwa kukamia. Karkade inaelekea pia kukizuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na vidonge vya presha vya jamii ya enalapril, ila kwa mkono mwepesi. Kusafisha mishipa kama bomba la maji, hilo halimo popote.

MwanaWaKuze · saa 2:15 asubuhi

Mwalimu, shukrani. Kwa hiyo mama hakukosea?

mkemia_mstaafu · saa 2:31 asubuhi

Amepatia nusu. Pointi 7 si haba. Lakini fanya hesabu ya kitoto: kama mama bila dawa ni 160, toa 7, ni 153. Mstari wa ugonjwa ni 140 kwa 90. Bado yuko ng'ambo ya mto. Na wale 65 walichaguliwa kwa sababu presha zao ni nyepesi na hawako kwenye dawa. Hakuna aliyewaambia watu wa dawa waache wanywe maua.

feri_ya_alfajiri · saa 3:50 asubuhi

Nyinyi wasomi mna tabu. Kampuni za dawa haziwezi kukubali tupone kwa ua la shilingi mia mbili. Mababu zetu hapa Likoni waliishi miaka mia, hakuna aliyejua amlodipini ni nini.

mkemia_mstaafu · saa 4:12 asubuhi

Ndugu yangu wa feri, mababu hawakuwa wakipimwa. Mzee akianguka choo cha nje tulisema amepigwa na upepo, tukamzika, na hesabu ikaisha. Walioishi mia ndio tunaowakumbuka.

Na kampuni za dawa hazichukii majani, zinayapenda. Digoksini, dawa ya moyo, ilitoka kwenye jani la mimea ya jamii ya digitali. Mwingereza William Withering aliandika kitabu kizima juu ya jani la jamii hiyo mwaka 1785, na shida yake kubwa ilikuwa kipimo: likipungua halifanyi kitu, likizidi linaua. Kidonge ni jani ambalo mtu amelipima. Karkade yako ya leo na ya kesho si sawa, shamba tofauti, jua tofauti, imekaa dukani miezi mingapi, nani ajua.

Ghala_Shimanzi · saa 7:05 mchana

Mimi niko kwenye maghala ya chai Shimanzi, nipo mapumziko ya chakula. Yanichekesha kwamba mji huu ndio wenye mnada wa chai, ulianza Nairobi 1956 ukahamia kwetu 1969, chai nyeusi ya CTC inayopita hapa hakuna mnada duniani unaoifikia, halafu sisi twaagiza maua Kairo.

Kwanza kichekesho cha kazini: gredi moja ya chai yaitwa BP1. Mgeni akija akasikia "BP1 imepanda leo" hudhani twazungumzia BP ya hospitali, yaani presha.

Chai ya kawaida nayo ni flavonoidi tupu. CTC maana yake jani linapondwa, linararuliwa, linakunjwa, kisha linaachwa lipigwe na hewa. Katekini zinaungana na kuwa vitu vingine vyekundu na vya kahawia, ndiyo rangi ile ya chai ya mkandaa. Hazipotei, zinageuka. Tena kuna chai yetu ya zambarau, mche wa TRFK 306, ulitolewa na watafiti wetu wa chai mwaka 2011, ina anthosianini kama za karkade. Ukiitia ndimu yawa ya waridi. Wakenya wenyewe hawaijui, yapakiwa yaenda.

Swali kwa mwalimu: ni kweli maziwa yaua faida? Maana nyumbani kwangu chai bila maziwa ni matusi.

mkemia_mstaafu · saa 8:20 mchana

Hapo wataalamu wanagombana na mimi nafurahia. Mwaka 2007 watu wa hospitali ya Charité ya Berlin waliwanywesha wanawake 16 chai, wakapima jinsi mshipa wa mkono unavyotanuka. Chai tupu, mshipa ukatanuka. Chai na maziwa, ukanyamaza. Walisema protini ya maziwa inazishika katekini. Gazeti zote zikaandika maziwa ni adui.

Halafu 2022 ikaja hesabu ya Uingereza ya watu karibu nusu milioni. Wanywaji wa vikombe viwili na zaidi kwa siku walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 9 hadi 13, watie maziwa wasitie. Wanawake 16 saa mbili, au nusu milioni miaka mingi? Kila kimoja kina udhaifu wake, wa pili tena ni kutazama tu. Mimi kwa maoni yangu maziwa si kesi. Kesi ni sukari.

Bi_Mahamri · saa 10:30 jioni

Nilikuwa nasubiri mtu aitaje sukari. Nauza mahamri Majengo mwaka wa kumi na nne na nimeona kila aina ya "chai ya afya".

Mtu aja hapa, "Bi, nitilie karkade, mimi nina presha." Namtilia. Achota vijiko vinne, akoroga, ala mahamri matatu na mbaazi za nazi, kisha asema ameanza dayati. Karkade ni chachu kama ukwaju, bila sukari yakunja uso, ndiyo maana watu huijaza. Na hapo hiyo flavonoidi itapigana na nani?

Mimi nafanya hivi. Maua kiasi cha kujaza vidole vitatu, nayaosha mara moja kuondoa mchanga (mchanga upo, msidanganyike). Maji yakichemka naepua, natia maua, nafunika dakika sita au saba. Siyachemshi, yakichemka sana yawa makali. Sufuria ya alumini hapana, uchachu wake waila sufuria, tumia ya bati la rangi au buli la udongo. Namenyea iliki mbili, kipande cha mdalasini, na siku nyingine mchaichai. Ikipoa yatiwa friji. Iliki yahadaa ulimi, waona kama kuna utamu. Wiki ya kwanza utanung'unika, ya tatu ukipewa ya sukari waiona kama sharubati ya harusi.

Na MwanaWaKuze, umesema habari za maji. Hukusema habari za chakula. Mama ala nini?

MwanaWaKuze · saa 11:15 jioni

Bi Mahamri umenigusa pabaya. Mama bila papa mkavu si mama. Papa wa nazi mara mbili kwa wiki, na achari ya ndimu iko mezani kama chombo cha nyumba. Chumvi anaonja kwa kiganja.

Dada_wa_Zamu · saa 2:40 usiku

Haya sasa tumefika. Shirika la Afya Duniani lasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa kila kitu, hicho ni kijiko kimoja kidogo cha chai. Kipande cha papa na vijiko viwili vya achari vyaweza kuimaliza kabla hujafika chakula cha usiku. Papa simkatazi, najua nitafukuzwa nyumba. Amroweke usiku kucha, amwage maji, amroweke tena. Achari iwe ya Ijumaa.

mama_mpya_Bamburi · Ijumaa, saa 4:00 asubuhi

Samahani kuingilia. Nina mimba ya miezi mitano, damu yangu iko chini, nimepewa vidonge vya madini ya chuma. Mama mkwe ananiletea karkade kwa sababu ni nyekundu, "yaongeza damu". Ninywe?

Dada_wa_Zamu · saa 4:35 asubuhi

Mwanangu, wekundu wa karkade ni rangi ya ua, si damu. Kwa mjamzito twashauri uiache, usalama wake kwa mimba haujathibitishwa. Na hata chai ya kawaida, zile flavonoidi tunazozisifu hapa hushika madini ya chuma ya mboga na maharage yasiingie mwilini. Kunywa chai saa moja au zaidi baada ya kula, si pamoja na chakula, na kidonge cha chuma meza kwa maji au maji ya machungwa. Mama mkwe mshukuru kwa heshima, mwambie daktari kasema. Mzigo tutie sisi.

Sharifu_wa_Miti · saa 9:10 alasiri

Mimi ni mwenye kuuza miti na mizizi, baba na babu waliuza, nasikia waganga tunasemwa. Sijawahi kumwambia mtu aache dawa ya hospitali. Karkade naiuza. Wanaochukia uchachu nawachanganyia urukususu kidogo, ule mzizi wa manjano, utamu wake wazidi sukari na hauna madhara.

mkemia_mstaafu · saa 9:48 alasiri

Sharifu, kwa heshima zote na bila kukuvunjia, hapo simama. Urukususu una kitu kinachoufanya mwili ushike chumvi na kuitoa potasiamu. Ukinywewa kila siku hupandisha presha, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Hili limeandikwa vizuri kwenye vitabu vya tiba. Umechanganya kinachoshusha na kinachopandisha kwenye mfuko mmoja.

Sharifu_wa_Miti · saa 11:02 jioni

Mwalimu, hilo sikulijua, na sioni aibu kusema. Kesho nautoa kwenye mchanganyiko wa presha. Wa kikohozi utabaki, huo mtu hunywa siku mbili tatu.

MwanaWaKuze · saa 11:20 jioni

Subirini. Karkade ya khalati ilikwisha wiki iliyopita. Mama alinunua mfuko mwingine sokoni kwa yule wa "kusafisha mishipa". Naenda jikoni.

MwanaWaKuze · saa 11:34 jioni

Nimemwaga mfuko juu ya sinia. Maua, majani makavu ya mchaichai, na vijiti. Vijiti vya kahawia kwa nje, nikikivunja ndani ni manjano, nyuzinyuzi kama kamba ya mkonge. Nimetafuna kimoja. Utamu unaogandamana na ulimi, hauondoki.

Mama yuko mlangoni aniangalia. "Wala dawa zangu?"

kahawa_tungu · saa 11:36 jioni

😂😂😂 Mwambie ndiyo, na wewe wasafisha mishipa.

MwanaWaKuze · Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa 3:20 asubuhi

Naleta majibu. Vijiti nilivitoa vyote siku ile ile, na maua tumebadilisha, tumeyachukua kwa Bi Mahamri. Kidonge alikataa, akasema tumpe siku zake kumi na mbili, "tuone nani mwongo". Dada wa Zamu amekuwa akiniuliza faraghani kila jioni kama ameumwa kichwa, Mungu amlipe.

Leo siku ya kumi na mbili. Amekaa dakika tano, nimefunga dirisha ili jirani asisalimie. Mkono juu ya mto juu ya meza. Ya kwanza 157 kwa 95. Dakika moja. Ya pili 154 kwa 93. Karkade alikunywa vikombe vitatu jana kama kawaida.

Hakusema kitu. Amevaa buibui, ameniambia nitafute tuktuk.

Dada_wa_Zamu · saa 3:31 asubuhi

Nendeni na kidaftari. Na mtaje karkade kwa daktari, msiifiche. Wagonjwa huficha mitishamba kana kwamba ni dhambi, halafu presha ikashuka kupita kiasi, mtu akaanguka bafuni, hakuna ajuaye kwa nini.

MwanaWaKuze · saa 9:05 alasiri

Tumerudi. Daktari ni kijana mdogo, mama akamwita mwanangu dakika ya kwanza. Amerudishwa kwenye 5 ileile, apime nyumbani asubuhi na jioni, arudi baada ya mwezi. Potasiamu wamepima kwa sababu ya ule urukususu, iko sawa. Karkade ameruhusiwa vikombe viwili bila sukari, na akihisi kizunguzungu akiinuka tupige simu. Papa aroweke. Achari, daktari alipoitaja, mama alijifanya hasikii.

MwanaWaKuze · mwezi mmoja baadaye, Jumamosi, saa 2:50 usiku

Wadau, kuna walioniuliza faraghani. Jana alikuwa na miadi, wamempima 128 kwa 79. Nyumbani wiki nzima amekuwa kwenye 126 hadi 132. Kidonge ameza kila siku, namwona kwa macho yangu.

Usiku khalati amepiga simu kutoka Malindi kuuliza hali. Mama amekaa kitandani, gilasi ya karkade mkononi, amemwambia: "Alhamdulillahi, presha imeshuka kabisa. Ni yale maua yako."

Nimenyamaza, nimekwenda kuosha buli.